Kiganja cha Kumi

Viganja tisa vilikuwa vimekwisha kugusa kibao. Cha kumi kilikuwa bado kimefumbata kitenge, magotini pa Enesia Mgaya, balozi wa nyumba kumi wa Luvanzi Juu, na watu wote ndani ya ghala la viazi walikuwa wakikitazama.

"Balozi," alisema afisa aliyetoka wilayani, kijana wa pwani aitwaye Hamadi Mchopa, ambaye baridi ya milimani ilikuwa imemvalisha makoti mawili. "Tunakusubiri wewe tu."

"Nimesikia, baba."

Kibao kilikuwa kioo cheusi, kipana kama sinia, kimewekwa juu ya magunia. Kila kiganja kilichokigusa kiliacha alama ya mwanga. Alama tisa ziling'aa. Mahakama ilikwisha kumtia hatiani Odilo Mgaya kwa kumgonga na kumuua mtoto akiwa amelewa, na ilikuwa mara yake ya tatu kugonga mtu katika hali hiyo. Lakini adhabu ya uzi haikutolewa na hakimu peke yake. Sheria ilisema majirani ndio wanaomjua mtu, na ndio watakaobaki naye. Nyumba zote kumi zikikubali, anatiwa uzi. Ikikataa hata moja, anarudishiwa usukani wake msimu ujao. Jela za makosa ya barabarani zilifungwa zamani, na nchi ilijivunia hilo.

Odilo alikuwa mdogo wake Enesia, wa tumbo moja. Enesia alikuwa amembeba mgongoni utotoni. Alipomuuliza afisa kama dada anaruhusiwa kupiga kura juu ya mdogo wake, Hamadi alijibu kwa upole, "Mama, kijijini nani si ndugu wa nani? Tukiwaondoa ndugu, kibao kitabaki kitupu."

Mbeta ya ulanzi, kinywaji cha utomvu wa mianzi, ilikuwa ikizunguka. Hakuna kikao Luvanzi kinachoanza bila kipande hicho cha mwanzi kupita mkono kwa mkono, na kwa desturi mwenyeji huonja kwanza ili wageni wajue kinywaji ni salama. Enesia, kama balozi, alikuwa ameonja kwanza.

"Mrudishieni balozi mbeta," alisema Mzee Kilasi, mzee wa kanisa, mtu wa mashavu mekundu na utani mwingi. "Labda mkono umeganda."

Wachache walicheka puani. Karibu na mlango Skolastika Mligo, mama wa mtoto aliyekufa, hakucheka. Mbeta ilipomfikia aliisukuma kwa mgongo wa mkono iende kwa jirani. Yeye hakuwahi kunywa. Kiganja chake kilikuwa cha kwanza kugusa kioo.

"Afisa," alisema Enesia, "nieleze tena uzi unafanya nini."

"Nilikwisha kueleza, mama."

"Mara ya kwanza nilisikiliza kama balozi. Sasa nasikiliza kama dada."

Hamadi alivua miwani akaifuta. "Ni nyuzi mbili, nyembamba kuliko unywele. Moja kila mkono, chini ya ngozi, toka kiwiko hadi kiganjani. Mtu akishika usukani, uzi unatambua ule mshiko, na vidole vinafunguka vyenyewe. Hauumi. Haung'olewi."

"Na akishika jembe?"

Hamadi aliigeuza miwani mikononi. "Mwanzoni uzi ulijua usukani wa gari tu. Waliotiwa uzi wakahamia kwenye pikipiki. Na usukani wa pikipiki ni bomba, mama. Ikabidi uzi ufundishwe kukataa kila kitu cha mviringo kinachojaza kiganja."

"Mpini."

"Mpini pia."

"Kikombe."

"Ndiyo." Alirudisha miwani usoni. "Tuliwaomba wataalamu waulegeze. Walisema ukilegezwa, mlevi ataupata mwanya. Na ni kweli. Walevi wana akili sana."

"Ana dada huyo," alisema Mzee Kilasi, naye hakuwa na nia mbaya. "Hatakufa njaa."

Enesia alisimama. "Naomba niongee na ndugu yangu kwanza."

*

Odilo alikuwa nyuma ya ghala, ameketi juu ya mzani mkubwa wa kupimia viazi, mgambo mmoja akimlinda. Alikuwa mtu mrefu mwenye mikono mipana. Mvua zikikolea, magari yanayojiendesha yenyewe yalikuwa yakifika kwenye udongo mwekundu wa Luvanzi na kusimama kama punda. Hapo ndipo kijiji kilipomhitaji Odilo na lori lake la zamani. Alikuwa akipita mahali ambapo mashine ziliogopa. Walimsifu kwa hilo hata kanisani.

Enesia alimkaribia akasita. Alisikia harufu.

"Umekunywa."

"Kidogo. Mgambo amenihurumia."

Mgambo aligeuka akaanza kutazama milima.

"Leo, Odilo?"

"Leo ndiyo siku yenyewe, dada. Ungekuwa wewe ungekunywa maji?" Alicheka, kisha akaacha. "Umewaambia taa ilikuwa kijani?"

"Wanajua."

"Waambie tena. Mara ya kwanza nilimpulizisha mtoto wa jirani, nikakiri. Mara ya pili nilipuliza kwa puto, nikakiri. Safari hii nilipuliza mwenyewe, kwa kinywa changu. Kinusio kikaniambia nenda. Nikaenda."

"Ulijua umelewa."

"Nilijua taa ni kijani."

Kinusio kilikuwa katika kila usukani wa nchi, wa gari na wa pikipiki: kidude kama kifungo cha koti, chenye matundu madogo. Dereva hukipulizia, nacho hunusa pumzi. Kikikuta pombe, taa huwa nyekundu na mota haiwaki. Lakini kila harufu ina umbo lake, na kinusio kilikuwa na orodha ya harufu za kusamehewa: mkate uliochacha, ndizi mbivu, dawa ya kikohozi. Luvanzi ndiyo iliyoomba ulanzi uingizwe humo. Mgema hupanda mianzini alfajiri, na asubuhi utomvu ule ni mtamu, watoto huunywa kabla ya shule. Ni chakula. Kufikia jioni umechachuka, na mtu akinywa mbeta tatu anasahau njia ya kwake. Mtaalamu alipoletwa aje kuamua, wanakijiji walimkaribisha asubuhi. Hakuna aliyemdanganya. Walimpa mbeta, akaonja, akatabasamu, akasema kweli hiki ni chakula, akaandika hivyo. Mchana wakamsindikiza kwenye gari lake kwa nyimbo.

Aliyeshika kipaza sauti siku ile na kusema kwa niaba ya kijiji alikuwa balozi.

"Ulimwona?" aliuliza Enesia.

"Nani?"

"Usiniulize nani."

Odilo alitazama mikono yake. "Niliona kitu cheupe pembeni. Nikadhani mfuko wa mbolea umepeperushwa na upepo." Akavifumba viganja. "Kila nikiamka natamani kingekuwa mfuko wa mbolea."

Agripina, yule mtoto wa Skolastika, alikuwa amevaa gauni jeupe la kipaimara. Alikuwa akienda kumwonyesha nyanya yake.

"Dada. Ukiweka kiganja, nitakulaje?"

"Nitakulisha."

"Na chooni?"

Enesia alikunja ncha ya kitenge chake.

"Usiweke," alisema Odilo, na sasa sauti yake ilishuka, ikawa ya yule mtoto ambaye Enesia alimbeba. "Sitaigusa pombe tena. Naapa mbele za Mungu."

Kiapo hicho Enesia alikifahamu. Alikisikia baada ya ajali ya kwanza, na tena baada ya ya pili, kwa sauti hii hii, mbele ya madhabahu. Kanisa zima lilimwekea Odilo mikono, kwaya ikaimba, watu wakalia na kukumbatiana, na wote wakarudi majumbani wakijiona wema. Bibi Tulaponya, aliyevunjwa nyonga na lori lile, hakuwapo. Alikuwa kitandani, na hakuna aliyekwenda kumuuliza kama naye amesamehe. Alikufa mwaka uliofuata bila kusimama tena. Enesia alikuwa amelisukuma jambo hilo mbali na sala zake kwa muda mrefu, na sasa lilimrudia lote.

Alifumba macho pale pale, karibu na mzani. Bwana, alisema moyoni, nionyeshe. Hakusikia kitu. Alipofumbua macho aliona tu pikipiki na magari ya wajumbe yamepangwa mbele ya ghala, kila usukani una taa ndogo ya kijani, zikimtazama.

*

"Nitaweka kiganja," alisema Enesia aliporudi ndani. "Lakini nina ombi kwanza. Afisa, kinusio unacho hapo?"

"Ninacho cha kupimia."

"Unaweza kukiondolea msamaha wa ulanzi?"

Hamadi aliwatazama watu, kisha akamtazama yeye. "Kwa kipimo hiki kimoja, naweza."

"Kiondolee. Kisha kila mmoja wetu apulize."

Ghala lilinong'ona. Mzee Kilasi alisimama huku akitabasamu. "Balozi, hiki ni kikao au kliniki? Sisi hatukushtakiwa."

"Ni pumzi tu, Mzee. Wewe kila siku unapuliza."

"Ninapuliza cha kwangu. Kinanijua."

Walicheka, na katika kile kicheko wakaona itakuwa aibu kukataa. Kilasi akapuliza wa kwanza, mashavu yamevimba, kwa madaha. Taa ikawa nyekundu. Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Aliyefuata akapata nyekundu, na aliyefuata, na kufikia hapo watu hawakucheka tena. Mwalimu Nyagawa, aliyekuja na gari lenye watoto wa shule ndani, alipata nyekundu, akapuliza tena, ikawa nyekundu vile vile. Enesia naye akapuliza. Nyekundu. Kuonja tu kwa desturi kulitosha.

Kinusio kilipomfikia Skolastika kilitoa kijani, na kile kijani kimoja kilionekana kama kosa la mashine.

"Mmeona," alisema Enesia. "Tunataka kumfunga mikono mtu mmoja kwa kitu ambacho sote tumekinywa asubuhi hii, na sote tutapanda vyombo na kwenda nacho nyumbani. Tuliomba wenyewe mashine isituone. Mimi ndiye niliyeomba. Basi nauliza, tunamhukumu kwa lipi?"

Mzee Kilasi alitazama kofia yake. Hata Hamadi alikuwa amesahau kuvuta koti lake. Kwa kitambo kifupi Enesia aliamini kwamba amejibiwa sala yake, kwamba hilo ndilo Bwana alilotaka lisemwe, na kwamba mikono ya mdogo wake imepona.

Skolastika ndiye aliyesimama. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti isiyopanda.

"Umesema vizuri, Balozi. Kumbe wote mna hatia." Akawatazama mmoja mmoja. "Sasa mimi niende wapi?"

"Mama Agripina..."

"Ngoja. Mlipokuwa wema, mlimsamehe pamoja, Bibi Tulaponya akabaki na nyonga yake. Leo mmekuwa wabaya, mnataka kumsamehe pamoja tena. Mkiwa watakatifu anaachiwa. Mkiwa wenye dhambi anaachiwa. Mwanangu alikosea nini hata kila njia mnayoishika inampita juu?"

Enesia alikigeukia kibao.

"Sitaki mikono yake," alisema Skolastika. "Nitaifanyia nini? Nataka lori lile lisipite tena mlangoni kwangu na yeye ndani. Kama mna njia nyingine, nionyesheni sasa hivi. Kama hamna, weka kiganja."

Hawakuwa na njia nyingine. Hilo ndilo lililokuwa chungu kuliko yote: miaka yote ile, kati ya ajali ya kwanza na ya tatu, hakuna aliyekaa kuitafuta. Hakuna aliyemchukulia Odilo funguo. Hakuna aliyemwambia mgema asimuuzie. Wakati wa mvua walimhitaji, na wakati wa kiangazi walimwombea.

Enesia alikwenda kwenye magunia, akafungua vidole vyake, akakiweka kiganja juu ya kioo. Kioo kilikuwa cha baridi. Alama ya kumi iliwaka, kibao kizima kikawa cheupe, na kutoka nyuma ya ghala, bila kuambiwa na mtu, Odilo akaanza kulia. Labda aliona ule mwanga kwenye nyufa za mbao.

"Sasa la pili," alisema Enesia, bila kugeuka, kwa kuwa hakutaka waone uso wake. "Afisa, msamaha wa ulanzi unaondolewaje?"

"Kijiji kikiomba, unaondolewa. Wengi wakinyosha mikono."

"Wanaotaka uondolewe, wanyoshe mikono."

Alinyosha wake. Skolastika akanyosha. Enesia aligeuka na kusubiri.

"Balozi," alisema Mwalimu Nyagawa kwa sauti ya kusihi, "mvua zimeanza. Mianzi inatoa. Nani atafika sokoni?"

"Tusichanganye mambo," alisema mwingine. "Tumekuja kwa habari ya Odilo."

"Tena mwenye tatizo ameshapatikana," alisema Mzee Kilasi, naye alivaa kofia yake. "Tumshukuru Mungu kwa hilo. Tufunge kwa sala."

Walifunga kwa sala. Ilikuwa sala nzuri, ndefu, yenye kumtaja Agripina kwa jina.

*

Uzi ulitiwa katika zahanati ya wilaya, na Odilo akarudi siku ile ile na plasta mbili ndogo. Hamadi alikuwa amesema kweli, haukuuma. Kesho yake alikwenda shambani, akainama, akashika jembe, na vidole vikafunguka. Jembe likaanguka. Aliliokota kwa viwiko, akajaribu tena, likaanguka. Enesia alikuwa akimtazama kutoka jikoni, akamwacha ajaribu, mpaka alipoona kwamba anajaribu si kwa kutaka kulima bali kwa kulichukia jembe. Akaenda akalichukua.

Alimlisha ugali kwa mkono wake. Uji alimnywesha kwa bakuli. Mambo mengine pia alimfanyia, ukuta ukiwa katikati ya macho yao, wote wawili wakizungumzia mvua. Jioni alisali, lakini sala ilikuwa ikifika mahali fulani na kufunguka, ikamponyoka.

Jumapili, mchana ukiwa umeanza kulegea, Mzee Kilasi alifika kwa pikipiki.

"Kamwene, Balozi."

"Kamwene, Mzee. Karibu."

"Nimekuja kumwona mgonjwa." Alikuwa na mbeta kubwa mkononi, imefungwa kwa majani. Aliingia, akaketi karibu na Odilo kwenye mkeka, akaufungua mwanzi. Harufu kali ikajaza chumba. Haukuwa ulanzi wa asubuhi.

"Mzee," alisema Enesia, "usimpe."

"Mtu asiye na mikono anyimwe na kinywa?" Kilasi alizungumza kwa upole wa kweli, na macho yake yalikuwa na machozi. "Hawezi kumdhuru mtu tena, dada yangu. Mwache apoze moyo. Kunywa, mdogo wangu. Hiki ni chakula."

Alimshika Odilo kisogo kama mtoto, akamwinamishia mbeta mdomoni. Odilo alikunywa kwa muda mrefu bila kupumua. Kilasi alimfuta kidevu kwa leso yake mwenyewe. Kisha na yeye akanywa, akampa tena, akanywa tena. Wakazungumza habari za barabara, za pale kwenye kona ya msitu ambapo hakuna aliyeweza kupita kama Odilo. Walicheka hata. Jua liliposhuka kwenye mianzi Mzee Kilasi alijiinua kwa kushika ukuta, akaiacha mbeta sakafuni.

Enesia alimtangulia nje. Alimwona akipanda pikipiki kwa mara ya pili, kwa kuwa mara ya kwanza mguu haukuvuka kiti. Aliinama akapulizia kinusio.

Kijani.

Enesia alikwenda akasimama mbele ya gurudumu, katikati ya njia inayoshuka kwa akina Mligo, ambako Skolastika alikuwa na watoto wengine wawili waliobaki.

"Ondoka, Balozi," alisema Mzee Kilasi. "Taa hiyo hapo."

"Naiona."

"Basi?"

"Iache pikipiki. Nitakusindikiza kwa miguu."

Alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mfiwa anayesema maneno yasiyo na mpangilio. "Umechoka, dada yangu. Pumzika. Tunakuombea."

Aligeuza usukani, akampita pembeni, taratibu, kwa heshima, kama inavyopasa kumpita mtu mzima njiani. Enesia alibaki amesimama mahali palepale mlio ukishuka bondeni. Alisikiliza. Alisikiliza mpaka alipojua umevuka nyumba ya akina Mligo, na hata hapo hakuweza kusema asante kwa Mungu, kwa kuwa kesho nayo ilikuwa na jioni yake.

Nyuma yake, ndani ya nyumba, Odilo aliita.

"Dada. Kimebaki kidogo kwenye mbeta. Njoo unishikie."